Baiskeli ya umeme si ya kununuliwa kwa macho

Niseme mapema ili tusigombane: mimi ni shabiki sugu wa baiskeli za umeme. Kinachonikera ni jinsi vijana wenzangu hapa Nairobi wanavyozinunua. Unaona video TikTok, tairi nene kama za trekta, mota ya wati 1,000, taa za rangi, na muuzaji anaapa kwamba "hii inaenda kilomita 80." Kesho yake umekopa kwa simu.

Hebu tupige hesabu kwanza. Tuseme unaishi Roysambu na kazi iko tao, kama kilomita 12 hivi. Nauli ni Sh70 asubuhi na Sh80 jioni (mvua ikinyesha, makanga anakutajia nyingine kabisa). Kwa siku 22 za kazi, hiyo ni Sh3,300 kwa mwezi. Ukiwa unasaidia mota kwa kupiga pedali, baiskeli hutumia kama wati-saa 12 kwa kila kilomita. Kwenda na kurudi ni chini ya thuluthi moja ya uniti ya stima. Hata tokeni zikipanda, huwezi kumaliza Sh15 kwa siku.

Kwa hivyo baiskeli ya Sh80,000, ukiinunua kwa pesa zako mwenyewe, itajilipa baada ya miaka miwili na miezi kadhaa. Betri nzuri ya lithiamu huchajiwa kikamilifu mara 500 au zaidi kabla ya kuanza kuchoka, na kwa safari hizo za Roysambu utafika huko katika mwaka wa tatu. Hesabu inaingiana, ila kwa kubanwa. Sasa weka juu yake riba ya mkopo wa simu uone kama kuna kitu kinabaki. Kama huna pesa, ngoja zamu yako ya chama.

Na hizo kilomita 80? Zilipimwa mahali tambarare, na mtu mwepesi, mota ikisaidia kidogo tu. Wewe una begi mgongoni na vilima vya Nairobi. Soma kibandiko cha betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inakupa wati-saa 360. Gawanya kwa 15, usijidanganye na 12, upate kilomita 24. Hapo umeenda tao na kurudi ukifika mlangoni unaomba Mungu.

Wati za mota ndizo zinazowapumbaza wengi. Nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme ina mota ya wati 250, na mota huacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Watu huko wanapanda vilima na kufika kazini. Ile ya kukimbia kilomita 50 kwa saa bila kugusa pedali ni bodaboda iliyovaa nguo za baiskeli, na mara nyingi breki zake hazijui hivyo. Pesa ulizotaka kuweka kwenye wati, ziweke kwenye breki za diski, hasa zile za mafuta. Kilo 25 za baiskeli pamoja na kilo zako 70, ukiteremka Chiromo Road kutoka Westlands lami ikiwa imelowa, utanikumbuka.

Halafu kuna mambo ya keja. Unaishi ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nani atabeba hicho chuma kila jioni? Nunua yenye betri inayotoka, ufunge baiskeli chini kwa kufuli ya maana, upande na betri peke yake. Lakini usiichaji usiku kucha karibu na mlango. Bedsitter ina mlango mmoja tu, na betri ya lithiamu ikilipuka moto wake hausubiri utafute viatu. Jiji la New York lilitunga sheria mwaka 2023 kudhibiti betri za baiskeli hizi baada ya mioto iliyoua watu. Tumia chaja iliyokuja nayo, si ya kuazima kwa jirani, na betri ikivimba usiiguse tena.

Haya yote unaweza kuyafanya vizuri na bado ukaangushwa na barabara. Sera ya kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Pita Ngong Road leo uhesabu bodaboda, magari yaliyoegeshwa na mitumba kwenye njia ya baiskeli. MCA wako akija kuomba kura, muulize hiyo asilimia 20 inakaa wapi.

Wikendi ni raha tupu, sitakataa. Karura kuna njia za baiskeli msituni, na Hell's Gate unapita katikati ya pundamilia, mvuke wa Olkaria ukifuka mbele yako. Sehemu ya stima uliyochajia inatoka hapo hapo.

Ukienda dukani, beba begi lako la kazini likiwa limejaa, omba kuijaribu kwenye mlima, kisha shuka nayo ukishika breki mara kadhaa. Muuzaji akikwambia uizungushe tu hapo kwenye parking, nenda duka lingine.