Jamani, yatima siyo takataka

Najua nimekuwa kimya wiki mbili nzima, ripoti ya mradi ilinibana. Leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Hasira zenyewe ni za kujikasirikia mwenyewe, maana aliyenikosea ni mimi.

Iko hivi. Jumanne usiku, ripoti inatakiwa Ijumaa asubuhi, laptopu yangu ya Ubuntu ikaanza kulalamika kwamba diski inakaribia kujaa. Mwaka jana nilikuwa naandikia kwenye LyX, baadaye nikaizoea LaTeX yenyewe, nikawa naandika kwenye kihariri cha kawaida tu. LyX sikuigusa tena. Nikasema hii ya nini, nikaifuta. Kompyuta ikaniambia kuna vifurushi kibao havihitajiki tena, nivitoe kwa apt autoremove. Nikaandika amri, nikaweka na -y kusudi isinisumbue kwa maswali, nikaenda zangu kula chipsi. Kurudi, nafasi imeongezeka kweli. Nikaita pdflatex nitoe ripoti. Naambiwa amri hiyo haipo!

Kabla hujanicheka, jiulize kama unajua kompyuta yako inamwita nani yatima. (Kifurushi ninachosema siyo cha intaneti, ingawa nacho kitakuja kwenye hadithi. Ni programu, au kipande cha programu, kilichofungashwa tayari kusakinishwa.) Mimi nilidhani yatima ni kitu ambacho hakitumiki. Uongo mtupu. APT haijui unatumia nini. Unaweza kufungua programu mara hamsini kwa siku, haihesabu. Inachojua ni nani alikiita kifurushi kije.

Ukiandika apt install lyx, LyX inahesabika kwamba umeiomba wewe. Vyote vilivyoburutwa nyuma yake, pamoja na mzigo mzima wa TeX Live, vinaandikwa kwenye faili la /var/lib/apt/extended_states kwamba vimekuja vyenyewe. Siku ukimfuta mwenyeji, wale waliokuja naye wanaangaliwa: kuna kifurushi kingine kilichobaki kinachowahitaji, au hata kuwapendekeza? Kama hakuna, basi yatima. Kwa hiyo TeX Live yangu, niliyoitumia kila siku kwa miezi, kwenye daftari la APT ilikuwa bado ni mgeni wa LyX. Sikuwahi kuiomba kwa jina lake. Mwenyeji kahama, mgeni katolewa nje na begi lake.

Halafu kuna kundi la tatu linalochanganya zaidi: vile vilivyokuja na Ubuntu yenyewe. Jaribu apt-mark showmanual, amri ya kuonyesha ulivyoviomba mwenyewe. Kwangu imetoa mistari zaidi ya mia mbili, na mingi nakula kiapo sijawahi hata kuyasikia hayo majina. Sababu ni kwamba kifurushi kisicho na alama ya "kimekuja chenyewe" kinahesabiwa kuwa umekiomba, na vingi vilivyowekwa siku ya kusakinisha mfumo havina alama hiyo. Yaani daftari linasema niliomba vitu ambavyo sivijui, na linasema sikuomba kitu ambacho ndicho kilikuwa kinanipatia maksi. Sasa mtu anaposema "mfumo unajua usichokihitaji", anamaanisha mfumo upi?

Rumeti wangu anatumia Arch na alipata raha sana siku ile. Kwao unaanza na kitu kidogo sana, mengine unaita mwenyewe, kwa hiyo kundi la "nilivikuta" ni dogo. Pacman inaandika sababu ya kila kifurushi kuwepo, ukiuliza pacman -Qi unaiona, na pacman -Qdt inakuorodheshea yatima bila kufuta chochote. Nikamuuliza wa kwake wako wangapi. Akaangalia, akanyamaza. Mmojawapo ni zana anayoitumia kila wiki kwenye maabara! Aliipata kama tegemezi la kitu alichokwisha kukifuta. Kilichomwokoa ni kwamba pacman -R ya kawaida haiwagusi wategemezi. Wa Fedora nanyi msikae kimya, kwenu dnf remove inaondoka nao hapo hapo bila kusubiri amri ya pili.

Sisemi autoremove ni mbaya. Kernel za zamani zinarundikana kila mfumo ukisasishwa, na hiyo ndiyo njia salama ya kuzipunguza, maana APT inaiacha ile unayoitumia na ile mpya. Ninachokataa ni hii tabia yetu ya kupeana amri kama tunavyopeana madesa, kila mtu anabandika, hakuna anayesoma. Ile orodha kabla ya kubonyeza Y ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusema "huyu ni wangu". Mimi niliiweka -y nikajinyang'anya. Na siko peke yangu: mwaka 2021 Linus Sebastian wa Linus Tech Tips alikuwa anasakinisha Steam kwenye Pop!_OS, onyo likamjia kwamba vifurushi muhimu vitaondoka, akaandika sentensi ya kukubali, desktopu yote ikaondoka mbele ya kamera. Kosa la kifurushi lilikuwepo kweli, na yake halikuwa suala la yatima, lakini onyo lilikuwa pale pale kwenye skrini.

Kinga yenyewe ni ya sekunde tano. sudo apt-mark manual, halafu jina la kifurushi. Au kiombe tu kwa apt install hata kama kipo tayari, APT itabadilisha alama na haitapakua upya. Ukitaka kuangalia bila kufuta, weka -s kwenye autoremove, itakuonyesha tu ambavyo ingevifuta.

Kwangu ilikuwa imeshachelewa. Nilifungua /var/log/apt/history.log, nikakuta orodha nzima ya waliotolewa, angalau hilo. Faili za .deb zenyewe hazikuwepo, maana apt ikishamaliza kusakinisha inazifuta. Ikabidi nipakue upya mamia ya MB kwa bando la kununua, wiki ambayo bumu lilikuwa bado halijaingia. Pesa ya chakula cha Jumatano na Alhamisi ikaishia hapo. Nimekula ugali wa rumeti huku akinisimulia uzuri wa Arch.

Ripoti imeingia Ijumaa, dakika kumi kabla ya muda. Hebu na nyie endesheni apt autoremove -s muone nani yuko kwenye foleni ya kufukuzwa, halafu mniambie. Mimi nalala.