Kalenda Ilinyooshwa, Masomo Yakabaki Nyuma

Shule zote za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Kisha mihula ikafupishwa na likizo zikakatwa, hata mtihani wa kidato cha nne ukafanywa mara mbili katika mwaka 2022, Machi na tena mwishoni mwa mwaka. Januari 2023 kalenda ilikuwa imerudi mahali pake, na wengi wetu tukadhani kwamba shida imekwisha.

Haikwisha. Mtoto aliyekuwa darasa la tano shule zilipofungwa aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024. Alikuwa amekaa nyumbani miezi tisa, akapitishwa darasa la sita na la saba mbiombio. Masomo ya redio yalikuwapo, lakini nyumba isiyo na redio haikuyapata. Mwalimu wa sekondari anaanza aljebra akiamini kwamba hesabu za sehemu na desimali zinajulikana. Mtoto asiyezijua hunyamaza, na mwisho wa muhula huitwa mvivu. Sisi tunaiona hukumu hiyo kuwa dhuluma.

Kumwongezea mtoto huyo kasi ni kumzidishia mzigo. Hatuna budi kuanza pale alipoachwa. Ukumbi wa parokia hukaa mtupu Jumamosi alasiri, na katika jumuiya zetu wamo walimu waliostaafu. Siku ya kwanza wampime kila kijana kusoma na hesabu za msingi, bila kutangaza nafasi ya mtu, kisha wawagawe kwa mahitaji yao badala ya vidato. (Kijana wa kidato cha tatu haoni vyema kufanya hesabu za darasa la tano mbele ya mdogo wake, atengewe chumba chake, la sivyo hatarudi.)

Karo isitozwe hata shilingi moja. Masomo ya ziada ya kulipia ndiyo yaliyowatenga maskini tangu zamani, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inayapiga marufuku masomo ya likizo. Kwa hiyo tukutane wakati wa muhula, kwa hiari. Halmashauri ya walei itoe chaki, madaftari na uji, na kila chumba kiwe na watu wazima wawili.