Si lazima mtu afe ndipo tusafiri

Nilipomwambia mamangu naenda Lamu kwa siku tano, aliweka chini kikapu chake cha majani chai, akanitazama, kisha akauliza: "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa.

"Umepata kazi huko?"

Hapana.

"Kuna mtu wetu anaoa?"

Hapana, mama. Tunaenda tu na wenzangu. Kupumzika, kuona bahari, kisha turudi.

Hakusema kitu. Aliinua kikapu chake akashika njia ya kituo cha majani, nami nikabaki mlangoni nikijihisi kama mtoto aliyeshikwa akiiba sukari. Nina miaka 27. Pesa ni zangu. Mbona basi nilikuwa naona aibu?

Naandika haya kwa sababu swali la mamangu si lake peke yake. Ni swali la kwetu sote tuliokulia milima hii ya Gusii. Hebu hesabu safari ndefu ulizowahi kufunga maishani. Toa za shule. Toa za kutafuta kazi. Toa za matanga. Zinabaki ngapi? Zangu zilikuwa zimebaki sufuri. Mteremko wa Mai Mahiu naujua vizuri, lakini naujua kwa sababu ya majeneza: basi zima la waombolezaji kutoka Nairobi, nyimbo usiku kucha, Narok mnashuka kunywa chai, na alfajiri mnaingia nyumbani kwa vilio. Ndiyo safari tuliyofundishwa. Mtu akibeba mkoba na hakuna aliyekufa, basi ana wazimu ama amepata mwanamume.

Babangu ndiye alinifanya nianze kufikiria jambo hili. Kwa karibu miaka ishirini alichuuza mawe ya sabuni. Alikuwa akishuka Tabaka, ananunua sahani, vinyago vya viboko na seti za chesi kutoka kwa wachongaji, anafunga kwa magazeti na majani ya migomba, anapanda basi la usiku hadi Mombasa. Huko alilala vyumba vya bei ya chini Mwembe Tayari, asubuhi anazunguka madukani na mzigo begani. Feri ya Likoni aliivuka mara nyingi sana akipeleka mzigo Ukunda.

Siku moja nikamuuliza bahari iko vipi. Akafikiria kidogo, akasema: "Ni maji mengi." Nikamuuliza kama aliwahi kuingia. Akacheka. "Niingie nifanye nini? Mimi nilienda kazi."

Miaka ishirini, wasomaji wangu. Mtu amevuka maji yale hadi amechoka kuyaona, na hajawahi hata kuyagusa kwa kidole. Sisemi alikosea. Mawe yale ndiyo yalitulipia karo. Nasema tu kwamba siku ile niliamua sitaki kufika umri wake nikiwa na jibu kama lile.

Sasa tuongee pesa, maana najua hapo ndipo wengi mnaniuliza, "Wewe dada, unadhani sisi ni matajiri?"

Mimi nina kibanda cha kutuma pesa na kuuza vitabu na kalamu hapa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Wenzangu watatu: mmoja ni fundi wa cherehani, mwingine anauza mitumba, mwingine ni mwalimu wa chekechea. Hakuna hasola hata mmoja wetu aliye na mshahara wa kujivunia. Tulianzisha chama cha wanne, kila mtu shilingi 70 kwa siku. Siku 300, kila mmoja akawa na 21,000.

Mgao wenyewe ulikuwa hivi. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula karibu 9,000: matatu hadi Nairobi, SGR ya usiku hadi Miritini (daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 1,000), basi la Mombasa hadi Mokowe, kisha boti. Nyumba ya kulala, wawili kwa chumba, usiku nne, 6,000 kila mtu. Chakula 4,000. Kupanda jahazi 1,000. Ikabaki elfu moja ya zawadi. Kwisha. Hakuna hoteli ya nyota tano hapo, na hakuna mkopo hata wa shilingi.

Hilo la mkopo nalisema kwa sauti. Namjua msichana aliyeenda Zanzibar kwa mikopo mitatu ya simu. Picha zake zilikuwa moto, sote tulizipenda. Alirudi Jumapili, Jumatatu simu zikaanza, na alilipa zile siku nne kwa miezi tisa. Namjua pia kijana aliyetuma arubuni kwa "wakala" aliyempata mtandaoni, na jioni hiyo hiyo namba ikawa haipatikani. Likizo ya deni si likizo. Kama pesa haijatosha, ngoja mwaka mwingine. Bahari haiendi popote.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa laini. Wiki tatu kabla ya safari, mdogo wangu wa kiume alirudishwa nyumbani kutoka chuoni. Karo. Salio lilikuwa 18,000. Mama alijua nina pesa kwenye chama. Hakuniomba, na heri angeniomba. Alinitajia tu kiasi kile mara mbili, jioni mbili tofauti, huku akipepeta maharagwe.

Kanuni ya chama chetu ilikuwa kwamba pesa haitoki kabla ya safari, hata mtu alie. Tuliiweka makusudi kwa sababu tulijua dharura haziishi. Nikatoa 6,000 kutoka faida ya kibanda, mama akangoja malipo ya majani, na mdogo wangu alikosa masomo kwa wiki moja. Wiki moja. Hadi leo sina hakika kama nilifanya sawa. Lakini najua hili pia: mwaka uliotangulia pesa zangu zilienda kwa karo, uliotangulia huo hospitalini, na kabla ya hapo paa la jikoni. Kila mwaka kulikuwa na sababu nzuri. Nikingoja mwaka usio na sababu, nitangoja hadi siku nitakayosafirishwa nikiwa nimelala chali.

Tukaenda. Mwezi wa tisa.

Barabara ya Mombasa hadi Mokowe ni ndefu, zaidi ya kilomita 300, na polisi wanakagua vitambulisho njiani, kwa hivyo usiache chako nyumbani. Kufika Mokowe joto lilitupiga kofi. Sisi watu wa sweta na mvua ya alasiri! Tukaingia botini tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea, mwalimu wao akiwa ndiye mwoga kuliko wote. Wasichana wa Gusii tunajua kuvuka Gucha kwa daraja, kuogelea ni hadithi nyingine.

Mama aliyetukodishia nyumba alitupokea kwa maji ya ukwaju. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, kisha nikamwambia tumechoka tunataka "kurara". Alicheka hadi akashika ukuta. Siku zote tano alikuwa akituuliza asubuhi, "Wanangu, mumerara vyema?" Lakini ni yeye pia aliyetuweka kando akatuambia kwa upole kwamba mjini watu wanaishi, wanaswali, wanalea watoto, basi tukitembea kwenye vichochoro tujisitiri, na nguo za kuogelea zibaki ufuoni Shela. Na kabla ya kupiga mtu picha, tuombe ruhusa. Nilifikiria vile ningehisi mgeni akiingia bomani kwetu na simu amlenge mamangu akichuma chai. Tangu hapo kila picha tuliomba kwanza.

Siku ya kwanza hatukufanya lolote. Tulilala. Niliamka saa nne asubuhi nikashtuka nikitafuta funguo za kibanda. Fundi wa cherehani alilala hadi saa saba mchana, na alipoamka alisema mabega hayamuumi, akasema tena jioni, kama mtu aliyeokota pesa. Sikujua tumechoka hivyo. Hakuna kati yetu aliyejua.

Siku ya pili tulitembea Mji Mkongwe, ule ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urathi wa dunia mwaka 2001. Milango ya nakshi, nyumba za mawe ya matumbawe, punda wana haraka kuliko boda za Keroka. Asubuhi tukifika ufuoni maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala mchangani, nikadhani kuna kitu kimeharibika. Alasiri yakawa yamejaa tena. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba bahari huondoka na kurudi kila siku. Yaani babangu aliona hivyo miaka ishirini na hakuona ni habari ya kuleta nyumbani!

Kisha, katika duka moja la vinyago karibu na bandari, nikaiona. Sahani ya mawe ya sabuni, imepakwa rangi nyekundu, twiga wawili katikati. Nikaigeuza. Najua jiwe la Tabaka hata gizani. Wanaume wamelichimba na kulichonga, wanawake wamelisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji hadi mikono ikachubuka. Nikauliza bei: 1,200. Babangu sahani kama hiyo alikuwa akiiacha dukani kwa 150 na kushukuru. Nilisimama pale na sahani mkononi, watalii wakinipita, nikafikiria kwamba jasho letu lilifika visiwani zamani sana. Ni sisi wenyewe tuliobaki nyuma.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Kwetu, mtu akifanya kazi hadi aanguke anasifiwa, akipumzika anaulizwa maswali. Na ajabu ni kwamba Gusii imejaa Wasabato, watu wanaofunga duka Ijumaa jioni na wala hawajali wateja wangapi watapotea. Tunajua kupumzika ni amri. Lakini ukipumzika mahali ambapo jirani hakuoni kanisani, tayari wewe ni mtu wa anasa.

Wapo watakaosema vijana wengi hawana hata hiyo 70 kwa siku. Ni kweli, na siwezi kumhubiria mtu aliyelala njaa. Lakini wengi wetu tunaichanga bila kuiona: ya kubeti, ya soda, ya harusi ya mtu tusiyemjua vizuri, ya bando za kutazama watu wengine wakijibamba. Sisemi uache kuchangia matanga. Mimi nachangia, na nitaendelea, maana siku yangu pia itafika. Nasema likizo iwekwe kwenye orodha pamoja na karo na matanga, hata kama ni ya mwisho, hata kama ni ya miaka mitatu mara moja. Kwenye orodha nyingi za kwetu haimo kabisa.

Na si lazima iwe Lamu. Kiekegusii hakitofautishi ziwa na bahari, yote ni enyancha. Ukitoka Kisii mjini asubuhi, ukapitia Rongo na Homa Bay, mchana uko Mbita. Rusinga unavuka kwa barabara, na huko unaweza kusimama kwenye kaburi la Tom Mboya. Mfangano unapanda boti. Takawiri ina mchanga mweupe na minazi kabisa, utadhani uko Pwani. Kundi la vijana wanne wanaweza kulala huko usiku mbili kwa pesa kidogo sana kuliko zetu. Anza na hapo. Ukitaka Pwani, epuka Desemba, bei hupanda na mabasi hujaa. Aprili hadi Juni mvua ni nyingi lakini vyumba huwa bei nafuu.

Nilirudi na halua, kikoi cha mama, na chupa ndogo ya maji ya bahari. Babangu aliifungua, akachovya kidole, akalamba. "Kumbe kweli ni chumvi," akasema, akacheka peke yake, akaiweka dirishani karibu na redio. Iko hapo hadi leo.

Mama alikunja kikoi akakificha sandukuni bila kusema mengi. Nikadhani bado ana hasira na ile wiki ya mdogo wangu, na pengine anayo. Lakini wiki mbili baadaye, tukiwa shambani kwenye chai, mvua ikinyemelea kutoka upande wa Manga, aliniuliza bila kunitazama: "Huko Lamu, wamama wa umri wangu huingia majini?"

Nikamwambia nilimwona mmoja, ameshika dera lake, maji yako magotini.

Akaendelea kuchuma. "Na mnachanga ngapi kwa siku?"