UCHAMBUZI: Bei halisi ya kutuma fedha nje ya nchi haiishii kwenye ada

Tangu Januari 1, 2026, mtu anayeingia katika duka la kutuma fedha nchini Marekani na kulipa kwa noti hutozwa kodi ya asilimia 1 ya kiasi anachokituma nje ya nchi hiyo. Kodi hiyo imo katika sheria iliyosainiwa na Rais Donald Trump Julai 4, 2025, na inawahusu pia wanaolipia kwa hundi ya benki na hati nyingine za malipo za namna hiyo. Anayetuma moja kwa moja kutoka katika akaunti yake ya benki, au kwa kadi iliyotolewa nchini Marekani, hatozwi.

Muswada wa awali ulipendekeza asilimia 5, kiwango kikashushwa hadi asilimia 3.5 na hatimaye 1. Mapendekezo hayo yalizua hofu katika nchi nyingi ambazo familia zake hutegemea ndugu waishio ughaibuni, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, kwa anayetuma dola 200, kodi hiyo ni dola 2 tu. Makato ambayo mtu huyo amekuwa akiyalipa miaka yote kwa kampuni inayosafirisha fedha zake ni mara kadhaa ya hapo, na sehemu kubwa ya makato hayo haiitwi ada wala haiandikwi kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni.

Bei ya kutuma fedha kuvuka mpaka ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo kila mtu huiona. Ya pili imo ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha: kampuni hununua sarafu kwa bei ya soko, kisha humuuzia mteja kwa bei yake yenyewe, na tofauti iliyopo kati ya bei hizo mbili hubaki kwake. Hilo si kosa kisheria, na kampuni nazo zina gharama za kuendesha shughuli zao. Tatizo ni kwamba mteja hulinganisha ada na ada, akaliacha pengo la kiwango bila kulitazama.

Mfano wa tarakimu za kubuni utaonyesha jambo lenyewe. Tuseme bei ya soko ni shilingi 2,500 kwa dola 1. Kampuni ya kwanza inajitangaza kuwa haitozi ada yoyote, lakini inabadilisha kwa shilingi 2,400. Ya pili inatoza ada ya dola 4 na kubadilisha kwa shilingi 2,490. Mtu mwenye dola 200 akienda kwa ile isiyotoza ada, mama yake aliyeko Singida atapokea shilingi 480,000. Akienda kwa ile yenye ada, zitabadilishwa dola 196 na mama atapokea shilingi 488,040. Kwa bei ya soko fedha hizo zilikuwa shilingi 500,000. Kwa hiyo huduma iliyoitwa ya bure imegharimu shilingi 20,000, sawa na asilimia 4, na ile yenye ada imegharimu shilingi 11,960, yaani chini ya asilimia 2.5.

Wengi huishia hapo na kuamua kuwa kampuni ya pili ni nafuu siku zote. Sivyo. Mtu huyo huyo akituma dola 50, kampuni isiyotoza ada itamfikishia mpokeaji shilingi 120,000, na yenye ada itamfikishia shilingi 114,540. Ada isiyobadilika humuumiza anayetuma kidogo, ilhali pengo la kiwango humuumiza anayetuma kingi. Kijana anayetuma kidogo kila wiki na mfanyakazi anayekusanya mshahara wa miezi mitatu kwa ajili ya kuezeka nyumba hawafai kupewa ushauri mmoja. Vilevile, kinachofika katika simu ya mpokeaji si lazima kiwe ndicho atakachokishika mkononi, kwa kuwa kutoa fedha kwa wakala nako kuna makato yake. Makato hayo hukosekana katika hesabu nyingi za ulinganisho, ingawa kijijini ndiko yanakolipwa.

Ni kwa sababu hiyo Benki ya Dunia, inayofuatilia gharama hizi tangu mwaka 2008 kupitia hifadhidata yake ya Remittance Prices Worldwide, hupima kila njia kwa kujumlisha ada na pengo la kiwango, kwa miamala ya dola 200 na ya dola 500. Katika miaka ya karibuni, wastani wa dunia kwa dola 200 umekuwa juu kidogo ya asilimia 6. Kwa fedha zinazoingia nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, wastani umekuwa karibu asilimia 8, ukiwa juu kuliko maeneo mengine makubwa ya dunia. Miongoni mwa watoa huduma, benki ndizo zinazoongoza kwa kuwa ghali, na huduma za kidijitali zinazoanzia na kuishia kwenye simu au akaunti ndizo nafuu.

Ahadi za kushusha gharama hizo ni za muda mrefu. Mwaka 2009 huko L'Aquila, Italia, viongozi wa kundi la G8 walikubaliana kupunguza wastani wa dunia kutoka asilimia 10 hadi 5 ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikapita bila lengo kufikiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, uliweka lengo jipya: gharama iwe chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, na pasiwepo njia yoyote yenye gharama inayozidi asilimia 5. Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri Kenya, ambako Benki Kuu ya nchi hiyo hutoa takwimu kila mwezi. Mwaka 2024 Wakenya waishio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Kila asilimia 1 ya kiasi hicho ni karibu dola milioni 50, ambazo ama hufika kwenye ada za shule na dawa za wazee, ama hubaki njiani.

Linaloshangaza zaidi, na pengine ndilo linalostahili kuisumbua kanda hii, ni kwamba umbali hauelezi bei. Katika taarifa za Benki ya Dunia, njia za kutoka Tanzania kwenda kwa majirani kama Uganda na Kenya zimewahi kuorodheshwa miongoni mwa zile zenye gharama kubwa kabisa barani Afrika, zikiziacha mbali njia za kutoka Ulaya. Fedha inayotoka London hupita katika soko lenye kampuni nyingi zinazogombea mteja mmoja. Inayotoka Mwanza kwenda Kampala haina washindani wengi kiasi hicho, na kwa njia ya benki, shilingi ya Tanzania aghalabu hugeuzwa kwanza kuwa dola, kisha dola ikageuzwa kuwa shilingi ya Uganda. Kila mgeuzo una pengo lake.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2014 Tigo ilianzisha huduma ya kutuma fedha kwa simu kati ya Tanzania na Rwanda iliyobadilisha sarafu papo hapo, na mwaka uliofuata M-Pesa ya Vodacom Tanzania iliunganishwa na ile ya Safaricom ya Kenya. Kwa upande wa benki upo Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, ulioanza kwa kuunganisha mifumo ya benki kuu za Kenya, Tanzania na Uganda ili malipo yafanyike kwa sarafu za nchi wanachama. Njia, basi, zipo. Mfanyabiashara wa mazao anayevuka Namanga au Mutukula, hata hivyo, mara nyingi huona rahisi kubeba noti au kumkabidhi dereva wa basi bahasha, na akipoteza fedha hizo hana pa kudai. Mtu huyo hawezi kulaumiwa kwa kukosa elimu ya fedha pekee. Amepiga hesabu kwa bei anazoziona.

Anayetuma fedha kutoka nchini kwenda nje hukutana na tatizo la aina nyingine. Mzazi mwenye mtoto anayesoma India hupokea ankara ya chuo ya, kwa mfano, dola 1,500, akaenda benki na kutuma dola 1,500 kamili. Chuo kikapokea pungufu, na mwanafunzi akaambiwa hajakamilisha malipo. Sababu ni kwamba mtandao wa SWIFT, ulioanzishwa mwaka 1973 na wenye makao yake Ubelgiji, husafirisha ujumbe wa malipo na si fedha zenyewe. Fedha hupita katika akaunti ambazo benki hufunguliana, na pale ambapo benki mbili hazina uhusiano wa moja kwa moja, benki ya tatu huingia kati na kukata chake. Fomu ya benki ina sehemu ya kuchagua nani alipe makato hayo: mtumaji, mpokeaji au wote wawili kwa kugawana. Wateja wengi huijaza bila kuuliza. Kwa malipo ya ada ya shule, kuchagua mtumaji alipe kila kitu hugharimu zaidi kaunta lakini huokoa usumbufu wa kutuma mara ya pili, ambao ni ghali zaidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipa kiwanda cha Guangzhou naye ana swali lake kwa benki: je, inaweza kulipa kwa yuan moja kwa moja, au ni lazima ipitie dola?

Benki za kigeni zinazokaa katikati ya njia hizo huangalia pia sifa ya nchi katika kudhibiti utakatishaji wa fedha. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa na taasisi ya kimataifa ya FATF katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ambayo wengi huiita orodha ya kijivu, na iliondolewa Juni 2025 baada ya kutekeleza mpango kazi uliokubaliwa. Nchi iliyomo katika orodha hiyo hukabiliwa na maswali mengi zaidi kutoka kwa benki za nje, na maswali hayo ni muda na gharama. Kuondolewa kumepunguza kikwazo hicho, ila hakulazimishi kampuni yoyote kushusha bei.

Kinachoweza kuisukuma bei, kwa ushahidi wa soko la Marekani, ni uwazi. Kanuni zilizoanza kutumika huko Oktoba 2013 zinamtaka mtoa huduma amwonyeshe mteja, kabla hajalipa, ada, kiwango cha kubadilisha na kiasi ambacho mpokeaji atapata kwa sarafu ya kwake. Kwa kawaida mteja pia ana dakika 30 za kughairi baada ya kulipa na kurudishiwa fedha zake zote, haki ambayo si wateja wote wanaoijua. Hapa nchini, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaipa Benki Kuu ya Tanzania mamlaka ya kutoa leseni na kuwasimamia watoa huduma za malipo, na benki hiyo huchapisha viwango vya kubadilisha fedha katika tovuti yake kila siku ya kazi. Mteja aliyesimama kaunta akiwa na simu mkononi anaweza kuona bei hiyo kabla ya kusaini, akaiweka kando ya ile aliyotajiwa, na kumuuliza karani ni shilingi ngapi hasa zitakazofika.