Mashauri ya Nyumbani: Jina la Mtoto Katika Mchezo wa Mpira



Wazazi kadhaa wa huku Rangwi wameniuliza neno moja: "Mwalimu, kijana wangu ashinda uwanjani, na viazi vyamngoja shambani. Mpira huu una faida gani?" Swali lao ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Basi kwanza nitaeleza jinsi msimu wa mpira wa shule unavyokwenda, kisha nitaungama kosa langu mwenyewe.

Michezo ya shule za sekondari katika nchi yetu huitwa UMISSETA. Huanza shuleni, ikapanda ngazi kwa ngazi: wilaya, mkoa, hata taifa. Mwaka 2018 vijana wa mikoa yote walikutana Mwanza, na mwaka 2019 Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka milimani kwetu. Wazazi wengi hudhani ya kuwa shule ishindayo ndiyo ipandayo, timu nzima pamoja. Sivyo. Shule zikiisha kupambana, walimu huchagua mchezaji mmoja hapa na wawili pale, wakaunda timu ya wilaya. Na katika timu za wilaya huchaguliwa timu ya mkoa. Kwa hiyo mlinda mlango aliyefungwa leo, na yule aliyemfunga, huenda wiki ijayo wakavaa jezi moja ya Wilaya ya Lushoto na kula sinia moja. Na wakijaliwa, wakavaa tena ile ya Mkoa wa Tanga. Aliyekuwa mshindani amekuwa mwenzi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, nayo si ndogo.

Lakini kwa sababu hiyohiyo jina la kila mtoto lina kazi kubwa. Timu haipandi, yapanda majina.

Sasa nasema kosa langu. Miaka mingi imepita tangu nilipokuwa mwalimu wa michezo katika shule moja, ambayo sitaitaja. Uwanja wetu ulikuwa kama viwanja vingi vya milimani: upande mmoja ukingo, upande wa pili mteremko, na mpira ukitoka nje huanguka bondeni, mtoto mdogo akatumwa kuufuata. Mwaka ule tulikuwa na timu njema. Siku tatu kabla ya mchezo mkubwa, mshambuliaji wetu akateguka mguu.

Sokoni palikuwa na kijana aliyekwisha kumaliza shule miaka miwili nyuma, mpakiaji wa kabichi katika malori, hodari sana wa mpira. Nikamwita. Na kwa kuwa alihitaji jina la mwanafunzi, nikampa la mtoto mmoja wa kidato cha tatu, ambaye baba yake alimwombea ruhusa ya juma moja akavune viazi. Nilijiambia, "Mtoto hayupo, jina lake halina kazi wiki hii." Watu wa michezo humwita mchezaji wa namna hiyo mamluki.

Kijana yule akacheza vizuri mno. Tukashinda mabao mawili kwa moja, wanafunzi wakaimba njia nzima. Kwenye ukingo alikuwa ameketi mwanafunzi wetu wa akiba, aliyestahili kushika nafasi ile. Jezi yake ilikuwa imekunjwa magotini, wala hakuimba. Nilimwona, nikageuza uso.

Jioni yakasomwa majina ya waliochaguliwa kwa timu ya wilaya. La tatu lilikuwa jina la yule mvuna viazi.

Habari njema ina miguu mepesi. Asubuhi ya pili, ukungu haujaondoka, nikamwona baba yake mlangoni pangu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Mkono mmoja alishika kuku, na mwingine viatu vya mpira, vilivyotumika kidogo, alivyonunua kwa mkopo. Akaniambia, "Mwalimu, sikujua ya kuwa mwanangu ajua kucheza. Naye akana, asema hakucheza. Nadhani aona haya. Nimekuja kukushukuru."

Ningeweza kusema uongo wa pili. Nilifungua kinywa ili niuseme. Lakini nilivitazama vile viatu, nikashindwa. Nikamweleza yote.

Mzee hakugomba. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto nilikukabidhi, na jina lake pia. Jina la mwanangu si jezi, hata mwingine alivae." Akaondoka na kuku wake na viatu vyake. Siku ile nikaenda kwa wasimamizi, nikaungama. Ushindi tukanyang'anywa, wakapewa wale tuliowafunga, nami nikaondolewa katika kazi ya michezo. Wanafunzi walinikasirikia mimi, na walikuwa na haki. Msimu wao wote uliharibiwa na mkono wangu.

Wapenzi wasomaji, neno hili mamluki asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu anayemilikiwa. Tukumbuke nani walioucheza mpira huu mapema katika pwani yetu. Ni wanafunzi wa Kiungani, Unguja, chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho watoto wake wa kwanza waliokolewa katika majahazi ya watumwa. Kabla ya mwaka 1900 walikuwa wakiucheza, na waliotoka chuoni humo wakaufikisha bara. Watoto waliowahi kuhesabiwa kama mali waliingia uwanjani kama watu, kila mmoja na jina lake. Nami, mwalimu, nilimtumia kijana wa sokoni kama chombo cha kukodi, na mwanafunzi wangu nikamtwalia jina.

Basi nawajibu wazazi. Mpira una faida, kama ukichezwa na wale ambao majina yao yameandikwa. Mruhusuni kijana, lakini patana naye saa za shamba na saa za uwanja, wala msimfiche mwalimu siku mnayomhitaji nyumbani. Ulizeni mwanenu amecheza na nani, wala si mabao mangapi tu. Nanyi walimu wenzangu, mchezaji wenu hodari akiumia, mpeni jezi yule aliyeketi ukingoni. Pengine mtafungwa. Lakini mzazi akija mlangoni pako na viatu mkononi, utaweza kumtazama usoni.

Yule wa akiba nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Mwaka uliofuata alicheza, mwalimu mwingine akiwa mkuu wa michezo. Hakuchaguliwa kwenda wilayani. Lakini jina lililosomwa katika orodha ya siku ile lilikuwa lake.