Hita Kubwa Haitaleta Maji ya Moto

Imechapishwa hoja kwamba maji ya kuoga katika gesti za Kibondo na Kasulu ni baridi kwa sababu ya hali ya hewa ya milimani, umeme hafifu na hita ndogo. Dawa, eti, ni kununua kubwa.

Hali ya hewa? Basi kwa nini chumba kimoja kipate ya moto na jirani yake akose, ilhali tangi ni moja?

Umeme? Majenereta ya dizeli yalizimwa 2022, gridi ya taifa ilipofika. Volti bado zinaweza kushuka, na zikishuka kutoka 230 hadi 180 hita hubaki na asilimia 60 hivi ya nguvu. Hilo hupimwa, halibuniwi.

Ila hita kubwa ndiyo hoja mbovu kuliko zote. Ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24, ya 7.5 huvuta karibu 33. Ipitishe kwenye waya uleule mwembamba: volti zitashuka zaidi, na moto mtaupata ukutani badala ya bafuni.

Mwandishi hakufungua hata hita moja. Ndani mna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo koili iwake. Tangi likiwa mita 2 tu juu ya bafu, msukumo ni baa 0.2. Chujio likijaa tope, mpira hausogei.

Zima swichi kuu, osha chujio, pandisha tangi. Yakitoka vuguvugu, punguza koki: kwa lita 4 kwa dakika, hita hiyohiyo "ndogo" huongeza nyuzi karibu 20.