Alama juu ya herufi si pambo

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika shule na ofisi zetu ambayo naona wakati wa kuyakemea umewadia. Mtu aandikapo Kikuyu au Kikamba kwa tarakilishi, huziandika herufi ĩ na ũ bila kile kijistari cha wimbi kinachokaa juu yake. Akiulizwa, hujibu kwamba kibodi haina herufi hizo na kwamba msomaji ataelewa tu.

Je, ataelewa? Kikuyu kina irabu saba, wala si tano kama Kiswahili. Katika lugha hiyo, gũthuura ni kuchagua, ilhali gũthũũra ni kuchukia. Ziondoe alama, na maneno yote mawili yatakuwa guthuura. Mwalimu anayesahihisha insha ya namna hiyo hawezi kubaini iwapo mwanafunzi hajui lugha au ameponzwa na mashine.

Sisi tuandikao Kiswahili hatujaionja adha hii. Sauti zetu za dh, gh na th huandikwa kwa kuunganisha herufi za kawaida, na ng' ya ng'ombe hutosheka na ritifaa, ambayo haikosekani kwenye kibodi. Lakini wahenga walinena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Chanzo cha tatizo ni cha kale. Mpangilio wa vibonye tunaoutumia ulitokana na mashine za kupigia chapa zilizoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1870, zikiwa zimekusudiwa Kiingereza. Baadaye waliohitaji alama walibuniwa kibonye kilichochapa alama bila kuisogeza karatasi, kisha herufi ikachapwa papo hapo chini yake. Tarakilishi zimeirithi mbinu hiyo. Hata hivyo, hukubali tu miungano iliyoorodheshwa na mtengenezaji. Katika mpangilio mmoja wa Kiingereza unaotumiwa sana, alama ya wimbi ikifuatwa na n huleta ñ ya Kihispania. Ikifuatwa na a huleta ã ya Kireno. Ikifuatwa na i, alama huachwa kando, pweke. Kiufundi hakuna kizuizi chochote. Kilichokosekana ni mtu wa kudai.

Wenzetu walidai. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya iliitaka Uhispania ifute kanuni iliyozuia kuuzwa kwa tarakilishi zisizoweza kuandika ñ, kwa hoja kwamba kanuni hiyo ilikwamisha biashara. Wahispania walikataa katakata, na mwaka 1993 serikali yao ikapitisha amri ya kuilinda herufi hiyo kwa jina la utamaduni. Walisimama kidete kwa ajili ya herufi moja tu!

Sisi tunazo mbili, na sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanywa. Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi nambari yake katika tarakilishi, unazitambua ĩ na ũ. Mpangilio wa kibodi nao ni programu ndogo, haudai mashine mpya. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaiagiza serikali kukuza lugha za kiasili na matumizi yake. Itakuzaje lugha ambayo mwalimu wake hawezi kuiandika ipasavyo?

Kwa hivyo, Wizara ya Elimu inaponunua tarakilishi za shule, naipendekezea iweke sharti kwamba kila mashine ije ikiwa na mpangilio wa kuandikia lugha zetu zote zenye alama. Walimu nao wasikubali mtihani wa lugha ya mama uchapwe bila alama, kwa kuwa mtihani wenye makosa humfunza mtoto makosa. Nanyi wanafunzi, ambao vidole vyenu ni vyepesi kuliko vyetu, jifunzeni mpangilio huo na mtufunze sisi wazee.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu akiwa kizuizini Kamĩtĩ, juu ya karatasi za chooni, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Aliyekuwa na kalamu na karatasi za aina hiyo hakuiacha lugha yake. Sisi tulio na tarakilishi mezani tuna udhuru gani?